Nyumba ya Kaka Iliyobaki kwa Jina Langu

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu nami nimo ndani ya habari hii, na simo mahali pazuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mkunga, mimi nikamfuata miaka minne baadaye, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974, ambako mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alimtumia kuandika vyeti vya wenzake.

Tarehe 1 Julai 1979 aliajiriwa karani katika ofisi ya ardhi, akakaa dirisha namba tatu kwa miaka thelathini na minane, na kwa jinsi alivyogonga karatasi mpaka meza ikatikisika, mji mzima ulimwita Mzee Mhuri. Mtu akifika pale akijigamba amenunua nyumba, kaka alimtazama juu ya miwani na kumwambia, "Umelipa, bado hujamiliki," kisha akamweleza polepole kwamba mkataba wa mauziano ni ahadi tu, nyumba haiwi yako mpaka mwenye jina asaini hati ya uhamisho mbele ya mashahidi, akukabidhi, nawe uiandikishe kwenye daftari la serikali. Na hakuwaachia watu waondoke mpaka asikie mmoja akitamka "pokea" na mwingine akijibu "nimepokea", jambo ambalo sheria haikulidai, yeye alilidai.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu, mwalimu wa watoto wadogo, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na wajukuu watano.

Tarehe 9 Agosti 1994, nilipohamishwa kikazi, nilimuuzia nyumba yangu, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari la shule, akalipa yote, akahamia, akaezeka upya, akaongeza vyumba viwili, lakini hati ikabaki kabatini kwangu, kwa jina langu. Mtu aliyewarudisha maelfu kwa kukosa sahihi moja, mimi mdogo wake aliona haya kunidai yangu, nisije nikadhani haniamini, nami nikajionea raha kuaminiwa.

Tarehe 3 Novemba 2022 alianza kuugua figo. Januari mwaka huu mwanangu mkubwa, aliyeiona ile hati, alikuja na futi kupima ua, akisema ni nyumba ya baba yake, kaka akamwona kutoka dirishani, na siku ile hakula. Alinipigia simu, "Mdogo wangu, njoo tumalize ile karatasi," nikamwambia wiki ijayo, mara gari bovu, mara presha imepanda, mpaka tukapatana Alhamisi tarehe 13 Juni. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, hospitalini, akiwa na miaka sitini na saba, na shati aliloagiza lipigwe pasi kwa safari yetu ya ofisini ndilo alilovaa hapa mbele yenu. Najuta, na sina pa kulipeleka jambo hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliompeleka kliniki mara tatu kwa wiki bila kununa, na wenzake wa ofisi ya ardhi, waliobeba jeneza leo.

Jana asubuhi nilisaini uhamisho kwa jina la shemeji, kama watoto wake watatu walivyoridhia, mbele ya wakili na mashahidi wawili, na Jumatatu saa mbili nitakuwa naye dirisha namba tatu uandikishwe. Kaka, nimechelewa karibu miaka thelathini, na siku tatu baada ya wewe kuondoka, nisamehe, pumzika kwa amani.

Shemeji, hati hii hapa, na mwanangu ameketi pale anasikia. Pokea.