Chupa ya Zamzam na Talaka ya Mkubwa

Kijiwe chetu kipo Kiponda, kwenye baraza ya saruji nje ya duka ambalo tangu mapinduzi halijafunguliwa wala hakuna anayeuliza. Kila alasiri Simai huteremsha dele lake la kahawa hapo, nasi hukaa tukaamua mambo ya dunia. Siku ile, mwaka wa sabini na moja, dunia tuliiacha kando, tulikuwa na kesi ya Mkubwa. Mkubwa anafanya kazi bandarini, na ana friji, la pekee mtaani, alilipata kwa njia ambayo hapa kijiweni hatuidodosi. Asubuhi kalifungua, kakuta kwenye sehemu ya kugandishia chupa ya zamzam ya mama yake imepasuka. Maji yale Bi Kidawa aliletewa kutoka Makka, akayaweka ili atiwe matone mdomoni siku ya kufa kwake. Mkubwa kwa hasira akamgeukia mkewe: “Sichana, kama mkono wako ndio uliovunja chupa hii, basi umeachika!” Sichana akaapa kwamba hakuigusa. Sasa bwana mzima kaja kutuuliza sisi kama ana mke au hana. Kadhi yupo, kampita, kaja kwa wanywa kahawa.

— Kitu kikipata baridi hunywea, alisema Mkubwa. Mie mwenyewe nikikoga maji ya kisima alfajiri nnanywea. Sasa maji yaliyonywea yatapasua vipi chupa? Lazima pana mkono.

— Hapana mkono hapo, alisema Usi Barafu. (Tunamwita hivyo kwa sababu huchukua barafu kwenda pwani ya Uroa kununulia samaki.) Maji ya Makka yale, yakhe, wewe umeyafungia ndani ya mashine ya Kizungu. Yamekataa.

— Yamekataa wapi! alidakia Suud Kamati, mtu asiyeweza kuomba kahawa bila ya kuunda kamati. Hiyo ni hujuma. Waliolitengeneza friji wametia kidude ndani, kinasikiliza. Kwani usiku halingurumi?

— Linanguruma.

— Ehee! Linapeleka habari hilo.

Nilimwona Mkubwa usoni anayakumbuka yote aliyowahi kuyasema jikoni kuhusu foleni za mchele.

Hapo Mwalimu Msabah, anayesomesha sayansi skuli, akaweka kikombe chini.

— Jamani, kilichovunja chupa ni maji yenyewe. Yakiganda yanatanuka.

— Kitu cha baridi kitanuke? Mwalimu, umekula nini leo? aliuliza Usi.

— Usi, barafu yako ukiitia kwenye ndoo ya maji inakwenda wapi?

— Inaelea.

— Kwa nini?

— Ndivyo ilivyo. Barafu inaelea tangu nimezaliwa.

— Inaelea kwa sababu ni ngeni, alisema Kamati. Haijazoea nchi, haitaki kuchanganyika na raia.

Mwalimu akavuta pumzi. Nilimwonea huruma, maana mtu huyu hulipwa kwa kazi hii, na kwetu alikuwa anaifanya bure.

— Nisikilizeni. Maji ni vijipande vidogo mno, havionekani kwa jicho. Kila kijipande kina oksijeni moja na haidrojeni mbili, zimefungamana. Lakini oksijeni ina choyo. Zile elektroni wanazochangia, inazivuta upande wake. Haidrojeni inabaki na upungufu, basi inavutwa na oksijeni ya kijipande cha jirani. Mvuto huo ndio tunaouita kifungo cha haidrojeni.

— Astaghfirullah! Usi akaruka. Ana wake nyumbani, na anamwegemea jirani?

— Na wewe Mkubwa unayanywa maji haya kila siku, alisema Kamati.

— Hajamwacha wa nyumbani! Mwalimu akapandisha sauti. Kile ndicho kifungo chenye nguvu. Huu wa jirani ni dhaifu, unakatika na kuungana kila mara.

— Kitu dhaifu kitavunja chupa? aliuliza Mkubwa.

— Kimoja hakivunji. Vikiwa vingi mno, vinavunja hata jiwe. Maji yasiyoganda yanasongamana ovyo, kama sisi kwenye foleni ya mchele, huyu kamkanyaga yule. Baridi ikizidi, kila kijipande kinatulia, kinawashika majirani wanne, kinawaweka mbali kidogo. Katikati panabaki uwazi. Ndiyo maana barafu ni nyepesi, inaelea. Na ndiyo maana inataka nafasi kubwa kuliko chupa.

Kamati akatazama kushoto, akatazama kulia, akateremsha sauti.

— Mwalimu. Wameshikana wote hao, na tawi la chama lina habari?

— Tawi gani, Suud?

— Mkusanyiko huo! Umepata kibali? Mie kahawa hii nshaiacha.

Akakirudisha kikombe kwa Simai, kisha akakichukua tena, kwa sababu kilikuwa bado kimejaa.

Tuko hapo ndipo Bi Kidawa, mama yake Mkubwa, akatokea kwenye kichochoro na buibui lake. Tukainuka sote.

— Shikamoo, Bi Kidawa!

— Marahaba, kaeni. Mkubwa, chupa yangu mie huiweka kabatini. Nani aliyeitia humo ndani ya friji?

Mkubwa akatazama viatu vyake.

— Mie, mama. Jana. Nlitaka wageni wangu waonje zamzam ya baridi.

— Basi! Kamati akapiga makofi. Katia Mkubwa, yamevunja maji, mkono wa Sichana haumo! Talaka haipo! Wanaoafiki?

Tuliafiki sote. Usi alimpiga Mkubwa mgongoni, Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikaagiza kashata. Bi Kidawa alingoja mpaka tukamaliza.

— Talaka haipo, nimesikia. Na mke yupo?

— Yupo nyumbani, mama.

— Nyumbani kwa nani? Nimemwacha kituoni na furushi lake, anangoja gari ya Mtoni aende kwa kaka yake. Kaniambia, “Mama, nimemwapia mume wangu, asinisadiki. Kenda kuwauliza wanywa kahawa.” Haya, nyinyi mnaojua mpaka maji yanavyoshikana, niambieni. Nikamwambie nini Sichana, arudi?

Kamati hakupendekeza kamati. Mimi nilikuwa na kashata mdomoni, na uchungu ulinishika kweli, maana mwanamke yule alikuwa akitupitia hapa kila siku na kutuamkia, na hatukumtaja ila kwa mkono wake.

Mkubwa akainuka ghafla, akatoka mbio kuelekea kituoni, kikombe bado kimo mkononi.

— We Mkubwa! Kikombe changu! Simai akapiga kelele.

— Mwache nacho, alisema Bi Kidawa. Kikivunjika, safari hii tutajua ni mkono wa nani.