Donge la Fundi Ren wa Jiko la Kiwanda

Fundi Ren Cuiping anastaafu tarehe 30 Novemba, baada ya kulitumikia jiko la kiwanda chetu cha nyuzi hapa Linfen kwa miaka thelathini na minne.

Alianza kwa kusugua masufuria. Mwaka wa tatu Fundi Hao, aliyemtangulia, alimkabidhi gudulia lenye donge la unga uliochacha, akamwambia, "Hili halina sikukuu." Tangu hapo, kila siku alikanda unga mpya na donge la jana. Ukishaumuka alikata kipande cha kesho, ndipo akatia magadi kupunguza ukali. Kisha aliupiga unga kofi na kusikiliza. Ukilia kama tikiti lililoiva, magadi yametosha. Mikate ilikwenda kwenye mvuke.

Alipokwenda Yuncheng kwenye harusi ya mpwa wake alilibeba donge ndani ya koti, maana hakuwa na wa kumwachia. Kwenye treni abiria wa jirani alihama kiti. "Alidhani ni miguu yangu," alitusimulia. "Nikamwacha adhani hivyo hivyo."

Miaka miwili iliyopita chuo kimoja kililipima donge, kikakuta aina nne za hamira na bakteria wengi wa kuchachusha, hawa wakila walichobakiza wale. Fundi Ren aliisoma karatasi. "Wote hao nawalisha mimi, na hakuna hata mmoja anayeniita mama?"

Machi mwaka huu uongozi uliamua kwamba akiondoka tutatumia hamira ya pakiti, isipokuwa apatikane mtu wa kulitunza donge. Nilichaguliwa mimi, Miao Shuyun, kwa kuwa nimesomea vijidudu. Nilipima joto na uchachu, nikajaza daftari. "We Miao," alikuwa akisema, "daftari halina pua."

Tarehe 9 Septemba alikwenda kupimwa macho, akaniachia kazi. Niliyapima magadi gramu kwa gramu, nikaandika, nikayatia, nikakanda. Mikate mia nne ikaingia kwenye mvuke. Aliporudi alionja mmoja. "Magadi yamekaa sawa," alisema. Kisha akafunua gudulia, akalikuta tupu.

Wiki tatu tulijaribu kuanzisha donge jingine kwa unga na maji. Liliumuka, lakini lilinuka vingine, na hadubini ilionyesha wageni watupu. Alilinusa mara moja tu. "Hawa siwajui," akasema, akalifunika.

Sasa tunatumia pakiti. Mikate huumuka upesi, na wazee wa karakana ya kusokota huacha nusu sahanini.

Taarifa ya jiko inasema Fundi Ren alisahau kukata donge kwa sababu ya uzee. Ndivyo alivyomwambia mkuu wa jiko yeye mwenyewe, nami nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza. Tulipotoka nje alinikatiza kabla sijafungua kinywa. "Mimi naondoka, binti. Wewe bado unakula hapa."

Aliyesahau ni mimi. Yeye hakusahau hata mara moja katika siku zaidi ya elfu kumi na moja. Jana nimemwandikia mkuu barua airekebishe taarifa kabla ya tarehe 30, na ninayaandika haya hapa pia kwa sababu jarida hili la kiwanda husomwa na kila karakana.

Fundi Ren, wafanyakazi wote wa jiko tunakushukuru. Tunakuombea afya, macho yapone, na ulale asubuhi mpaka uchoke mwenyewe. Ondoka na jina lako likiwa safi.