Shomoro wa Transiti

Kwenye boda kutoka Majanji kwenda Busia tulikuwa abiria watatu, na mimi nilikalia chuma cha mizigo. Sikusikiliza kwa umbea, nilikosa tu pa kupeleka masikio. Mbele yangu alibanwa mama mmoja, mkulima wa nafaka ya wimbi kutoka kisiwa kimoja cha ziwani. Mbele yake alikaa wakala wa forodha, kitambulisho shingoni: Swabur.

"Hawa shomoro mmetuletea nyinyi watu wa mpakani, ndani ya magunia yenu ya mahindi," mama alisema. "Walianza pale boti zinafika, nikanyamaza. Wakahamia dukani, wakaingia kanisa. Sasa wako mpaka msituni, wamefukuza ndege zetu, na wimbi yangu niliyoanika wanaimaliza hapo hapo kwa mkeka!"

"Mama, sikiza," Swabur akajibu, kwa upole wa mtu aliyezoea madereva wa malori yaliyokwama. "Hao hawakuingizwa nchini. Hao ni transiti. Wanapita tu."

"Mwaka wa sita wanapita?"

"Kuna foleni."

"Na transiti gani inataga mayai?"

Mwenye boda alicheka mpaka tukaingia shimoni. Swabur, kofia imemfunika macho, alisema mayai yana fomu yake.

Mpakani boda ikasimama. Swabur alikuwa bado anaeleza fomu hiyo, shomoro mmoja alipopita juu ya vichwa vyetu, akavuka geti kuelekea Kenya, mdomoni ana unyasi mrefu kuliko yeye.

"Na huyo anapita tu?" mama akauliza. "Mbona amebeba nyasi ya kuezeka?"