Ukuta Ndani ya Jino la Elijah

Tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kwanza Migori na kisha Homa Bay, Bi. Risper Apondi anastaafu. Chumba chetu cha meno kitapoa, na hilo linatuuma.

Wengine tulipokimbilia koleo, yeye aliokoa jino. Kiini kikiwa wazi lakini bado hai, alikipaka dawa nyeupe ya chokaa, akaziba, akasubiri. Chini ya dawa hiyo jino hujijengea ukuta mpya wa dentini, lile tabaka gumu la ndani, polepole, kwa miezi. Mgonjwa akirudi, Bi. Risper aligonga jino kwa mpini wa kioo chake cha kutazamia meno, akafumba macho, akasikiliza. Tulimtania kwamba meno humpa umbea. Alicheka tu, hakukanusha.

Januari 1994 alimziba jino hivyo Elijah, mvuvi wa Rusinga. Wiki hiyohiyo mashua yake ilipatikana ziwani imepinduka, tupu. Mama yake, Teresa, alingoja mpaka akachoka, kisha familia ikazika tunda la yago badala ya mwili, kama desturi ya Wajaluo inavyotaka.

Desemba mwaka huohuo ziwa lilitupa ufuoni maiti isiyotambulika. Teresa alimwomba Bi. Risper jambo moja: amwambie kama ni mwanawe. Nilikuwepo. Bi. Risper aliitambua kazi ya mkono wake palepale. Akaling'oa jino, akalipasua ili ahakikishe. Chini ya dawa palikuwa na ukuta mnene, umekamilika. Maiti haijengi.

Nilitamani anyamaze. Hakunyamaza. Alimwambia Teresa kwamba ni Elijah, na kwamba aliishi miezi mingi baada ya yago kuzikwa.

"Kwa hivyo tulizika yeye na bado alikuwa anatembea?" Teresa aliuliza. "Alikuwa wapi, daktari?"

Hadi leo hatujui. Elijah alizikwa kando ya yago, lakini nusu ya jino Teresa alibaki nayo. Kila Desemba huileta kliniki, na Bi. Risper, bila kumcheka, huigonga, hufumba macho na kusikiliza mpaka mwisho. Kisha humshika mkono mama huyo na kumsindikiza hadi langoni.

Mama Risper, asante kwa meno yetu na kwa moyo wako. Ukapumzike salama, afya isikupungukie. Desemba Teresa akija, tutagonga sisi. Ila kabla hujaondoka, tuambie: huwa unasikia nini?