Jovin Severine Lyatuu, Mteja wa Kwanza

Wapendwa, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Jovin kadiri tunavyoyaelewa, maana mwisho wake bado umetuchanganya. Mama yetu Candida ana swali moja tu: mwanawe alifia wapi? Anataka paandikwe msalabani, kama palivyoandikwa pa baba.

Jovin alizaliwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa pili wa marehemu mzee Severine Lyatuu. Alisoma hapa hapa Kariakoo, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Darasani hakuwa wa kutisha, tuseme ukweli. Dukani ndipo alipong'aa.

Baba aliuza masufuria Mtaa wa Kongo, akamfundisha jambo ambalo kila muuza duka wa Kariakoo analijua: mteja wa kwanza harudishwi, yeye ndiye anayeifungua siku. Jovin alilishika kama amri ya kanisa. Asubuhi moja alikuja bibi akitaka mfuniko tu, sufuria hataki. Jovin akampa. Sufuria ile iko kwa mama mpaka leo, anapikia ndizi na kufunika kwa sinia, huku akinung'unika.

Mwaka 2011 alifunga ndoa na Klara, wakajaliwa binti, Agnesi. Biashara ilipoyumba alikwenda nchi za kusini, mwaka 2019, akafungua kibanda cha vyombo. Baadaye kibali chake kilikataliwa kuongezwa, akaamriwa aondoke. Aliondoka mwenyewe, hakukimbia mtu. Tunalisema hili kwa sababu mitaani yanasemwa mengine.

Tarehe 6 Juni 2025 yeye na rafiki yake Uledi walifika mpakani, wakagongewa muhuri wa kutoka. Ng'ambo ya daraja, nchi ya kupita tu kuja nyumbani, wakaambiwa karatasi zao hazitoshi, warudi. Wakarudi, wakaambiwa, "Nyinyi mmeshatoka." Basi wakabaki darajani, mchana jua, usiku baridi. Jovin alikuwa na kisukari na dawa zilimwishia. Tarehe 9 Juni alilala, hakuamka tena. Upande aliotoka wanasema hakuwa kwao, upande wa pili wanasema hakuingia. Sasa sisi tuandike nini?

Juzi jeneza lilipofika, wapo walioshauri mahali pale msalabani paachwe wazi. Mama akakataa. "Mwanangu hakufia hewani," alisema.

Ndipo Uledi akamsimulia kwamba asubuhi ya tarehe 6 Jovin aliwahi dirisha la uhamiaji la ng'ambo kabla ya watu wote, akicheka: "Leo mteja wa kwanza ni mimi. Hawanirudishi hawa."

"Wakamrudisha?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Mama akainuka. Kisha akamwita fundi wa msalaba akamwambia, "Andika hivi: alifia mlangoni."

Leo tunamsafirisha kwenda Rombo, akalale karibu na baba. Ameacha mama, mke wake Klara, binti yao Agnesi, na dada yake Nice, anayewasomea haya.

Mungu ampokee kwa amani, na safari hii asirudishwe.