Kuwafungisha Minyoo

SHANGAZI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

MAMA KIDOTI: Mimi, wifi. Mama Kidoti.

SHANGAZI: Aaa! Namba ngeni, nikadhani matapeli. Hujambo?

MAMA KIDOTI: Sijambo. Nimeazima simu ya mwenzangu hapa kiwandani, salio lenyewe kiduchu. Mwanangu anaendeleaje huko kwako?

SHANGAZI: Vizuri kabisa. Tena ametulia! Hakimbii, hapigi kelele, nyumba imepoa.

MAMA KIDOTI: Kidoti? Kidoti huyu huyu aliyeng'oa mlango wa kabati?

SHANGAZI: Malezi, wifi. Si kama kule kwenu mnakodekeza wato—

MAMA KIDOTI: Na tumbo lake?

SHANGAZI: Tumbo bado limevimba. Wakaidi minyoo wale! Lakini nawakomesha.

MAMA KIDOTI: Si nilikuachia dawa ya zahanati?

SHANGAZI: Alimeza. Wakatoka, hazikupita siku nyingi wakarudi. Nikasema haya, sasa nawafungisha.

MAMA KIDOTI: Unawa— (mtandao unakwaruza) —nini?

SHANGAZI: Nawafungisha saumu! Si wanakula kupitia kwake? Basi nimekata. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna dagaa. Asubuhi uji mwepesi, jioni uji mwepesi. Wafe njaa wenyewe.

MAMA KIDOTI: (Kimya.)

SHANGAZI: Haloo? Umekatika?

MAMA KIDOTI: Nipo. Natafuta adabu, naona imenitoka. Wifi, hao minyoo wanaishi wapi?

SHANGAZI: Tumboni, sasa.

MAMA KIDOTI: Tumboni mwa nani?

SHANGAZI: Mwa mtoto. Maswali gani haya?

MAMA KIDOTI: Na njaa inamwingia nani kwanza?

SHANGAZI: Usinifanye mjinga.

MAMA KIDOTI: Hiyo kazi umeimaliza mwenyewe. Jana nimemweleza nesi wa hapa kazini, mtoto tangu zamani kila akitibiwa, minyoo wanarudi. Akauliza jambo moja tu, anakula nini? Akasema mwili usiopata chakula cha maana hauna nguvu za kupambana nao. Unawatoa leo, kesho wanarudi na ukoo wao mzima. Nami nikajigamba, wifi! Nikasema wangu anakula mayai, kila wiki namtumia trei!

SHANGAZI: Manesi nao, kwa kujua kila— (anatafuna)

MAMA KIDOTI: Unatafuna nini?

SHANGAZI: Mimi? Karanga. Punje mbili tu.

MAMA KIDOTI: Zile nilizomtumia Kidoti?

SHANGAZI: Zingeoza.

MAMA KIDOTI: Karanga kavu zioze! Na maziwa ya kopo nayo yalikuwa yanaoza?

SHANGAZI: Chakula hakitupwi, wifi. Mimi na mume wangu hapa tukaona—

MAMA KIDOTI: Mkaona mjitolee. Poleni kwa kazi nzito. Nipe mwanangu.

SHANGAZI: Amelala.

MAMA KIDOTI: Mchana huu?

SHANGAZI: Siku hizi analala sana.

MAMA KIDOTI: Mwamshe.

SHANGAZI: Wifi, mtoto akilala—

MAMA KIDOTI: Mwamshe!

SHANGAZI: Haya, haya! Kidoti! Njoo, mama yako huyu.

KIDOTI: Shikamoo, mama.

MAMA KIDOTI: Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa ndogo hivyo?

KIDOTI: Nimechoka. Mama, nikilamba kijiko, minyoo watajua?

MAMA KIDOTI: Hawatajua, mpenzi wangu.

KIDOTI: Kwani shangazi hana minyoo? Mbona yeye anakula mayai?

MAMA KIDOTI: Hana. Yeye ndiye mnyoo. Sasa sikiliza, simu inakatika. Vaa viatu. Nenda kwa mama muuza duka, mlango wa pili. Mwambie mama anaomba akupikie yai. Kaa hapo hapo. Natoka kazini sasa hivi, nakuja kukuchukua, twende zahanati.

KIDOTI: Nile yai lote?

MAMA KIDOTI: Lote. Nenda.

SHANGAZI: Lete hiyo simu! Wifi, umemwambia nini mtoto? Mbona anavaa viatu? We Kidoti! Anakwenda wapi huyu?

MAMA KIDOTI: Si ulimfungisha? Anakwenda kufungua.

SHANGAZI: Wifi, tusifike hu— haloo? Wifi? Haloo?