Karanga za Mfuko wa Bluu

Ile ta, ta, ta mliyoisikia jikoni usiku wa manane haikuwa panya, wanangu, ni mimi nilikuwa namenya karanga, na sikilizeni kwa nini, maana kesho asubuhi napasuliwa moyo na daktari hakunificha kitu, naogopa, basi nayasema yote sasa.

Kitanda na cherehani ni vyenu. Mama mdogo wenu atawalea, msimjibu ovyo.

Mnaijua kazi yangu kwenye kituo cha utafiti, kumenya na kuchambua mbegu. Mtafiti, yule mama wa miwani, aliniambia wameusoma ukoo wa karanga kwenye vinasaba: zamani sana mimea miwili ya porini ilikutana, mtoto akabeba urithi wote wa pande mbili, maradufu, akashindwa tena kuzaa na ndugu zake wa porini. Nikamwambia, kumbe kama mama mkwe, hapatani na ndugu yeyote. Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Lakini ndiyo maana karanga za mashambani karibu zote ni kama ndugu wa tumbo moja, ugonjwa wa madoa ukimpata mmoja umewapata wote, naye amehangaika miaka tisa kuzirudishia damu ya porini, apate mbegu mpya isiyougua.

Mimi nikaharibu. Huyu mdogo alikuwa na homa, nikachambua trei mbili mbiombio, na kwa mazoea zile nono nikazibandika kibandiko cha mbegu mpya, zilizosinyaa nikazibeba nyumbani kama makapi ya kukaanga. Chache nilizipanda nyuma ya jiko. Majani ya karanga za jirani yamejaa madoa, yetu safi kabisa. Zilizosinyaa ndizo zenye damu ya porini, na keshokutwa wakulima wanagawiwa zile nono.

Wewe mkubwa, kesho saa mbili usiningoje hospitali. Peleka mfuko wa bluu, ndimo nilimotia zile zilizosinyaa nilizomenya usiku, pamoja na majani ya nyuma ya jiko, mtafiti asome vinasaba vyake upya, mwambie kosa ni la mama. Bibi yenu asiuone, atazikaanga. Mkuu wa ghala la kituo nimemsamehe matusi yake yote, ila simwamini, akisikia atazichoma kuficha aibu.

Mungu awakuze. Mpendane... mle mshibe. Ngoja nipumue.

Haya, mwanangu, niahidi. Unamwambia nani?

“Yule mama wa miwani.”

Na nani tena? Sema nisikie.

“Simwambii mtu mwingine, mama.”